Wakili Akinyamaza

Silanga ni kijiji cha upande wa chini wa Kibera, pale safu za mabati zinapokaribia Bwawa la Nairobi. Bwawa lilijengwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi watu walilijia kuendesha mashua. Leo magugumaji na taka zimelifunika. Ardhi inayolizunguka imo katika makaratasi ya serikali tangu zamani zaidi. Mnamo 1918 ekari 4,197 za Kibera zilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi ili askari Wanubi wa King's African Rifles na jamaa zao wapate pa kukaa. Walipewa mahali, hawakupewa hati. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter miaka ya 1930 iliwahesabu kuwa wapangaji wanaokaa kwa ridhaa ya Serikali tu. Waliowafuata, Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengine, walijenga na kupanga juu ya ardhi ileile isiyo na hati.

Kwa hiyo mtu wa Silanga huijua sheria mapema. Huijua kama alama ya X kwenye ukuta wa nyumba itakayobomolewa, kama wito wa chifu, kama usiku mmoja katika seli. Wakili humjua baadaye sana, na mara nyingi ni kwa sababu ya ajali. Wengi huamka gizani na kwenda kwa miguu kutafuta kazi Industrial Area au kwenye mjengo. Wanavuka Barabara ya Mbagathi na ya Lang'ata magari yakiwa mbioni, au mkono unanaswa na mashine kiwandani. Mgonjwa akiwa bado kitandani, broka hutokea na kumwambia kuwa kuna wakili mjini atakayemdaia fidia ya bima. Anatia sahihi au kidole gumba. Anakabidhi ripoti ya polisi na karatasi za hospitali, nakala halisi, kwa sababu hakuna aliyemwambia abaki na nakala zake. Kisha miezi inapita. Akipiga simu, karani wa ofisi anasema faili iko kortini. Akienda mwenyewe, wakili yuko Mombasa. Baada ya mwaka mmoja au miwili nauli imekwisha, na mtu anaacha kwenda.

Swali la nani humdhibiti wakili kama huyo lina historia ndefu nchini Kenya. Nimeifuatilia kwa sababu naamini ndiyo inayoeleza ni kwa nini mtu wa Silanga, hata anapokuwa na haki iliyo wazi, huambulia kidogo. Tangu mwanzo, nidhamu ya mawakili iliundwa ili kulinda heshima ya mahakama na ya kazi yenyewe. Kumrudishia mteja alichopoteza ni wazo lililokuja polepole, kipande kwa kipande, na hadi leo halijakamilika.

Mahakama za Kiingereza zilianza Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1905 Mahakama Kuu ikahamia Nairobi. Mawakili wa kwanza walikuwa Waingereza na Wahindi, wachache kiasi cha kujuana kwa majina. Aliyewaingiza kazini alikuwa jaji, na aliyewaadhibu pia alikuwa jaji, maana wakili alihesabiwa kuwa ofisa wa mahakama. Akimdanganya jaji, alikuwa ameivunjia heshima nyumba aliyomo. Mamlaka hayo ya majaji hayakufutwa kamwe. Yamo bado ndani ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, ingawa hutumika kwa nadra.

Kwa Waafrika wengi wa wakati huo, suala la wakili mzembe halikuwapo, kwa kuwa mahakama walizopelekwa hazikuruhusu mawakili kabisa. Mabaraza ya wenyeji, na baada ya 1951 Mahakama za Kiafrika, yaliendeshwa bila wakili mlangoni. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba mawakili wangeleta fitina na gharama. Matokeo yake ni kwamba vizazi kadhaa vilikua bila kujua namna ya kumtuma wakili, kumuuliza na kumdai hesabu. Isitoshe, Waafrika walinyimwa nafasi ya kusomea sheria. Chiedo Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufuzu uwakili, alianza kazi nchini miaka ya 1950 akitetea washtakiwa wa Mau Mau, na alibaki karibu peke yake kwa muda mrefu. Ilibidi kamati ya Lord Denning kuhusu elimu ya sheria kwa Waafrika iketi London, na kitivo cha sheria kifunguliwe Dar es Salaam mwaka 1961, ndipo Afrika Mashariki ianze kujifunzia sheria nyumbani. Mahakama za Kiafrika ziliunganishwa na zile za kawaida kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967. Ni hapo tu ndipo mlango wa wakili ulipofunguka, kisheria, kwa mtu wa kawaida wa Kibera.

Katikati ya hayo, mwaka 1949, bunge la kikoloni lilikipa Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK, nguvu za kisheria na kumlazimu kila wakili awe mwanachama. Nidhamu ya kila siku ikahama kutoka meza ya jaji kwenda kwa kamati ya mawakili wenyewe, wakiketi pamoja na Mwanasheria Mkuu au mwakilishi wake. Mfano ulitoka Uingereza, na hoja yake ilieleweka: anayeujua ufundi ndiye anayeweza kuutambua ufundi mbovu. Lakini mlalamishi alisimama mbele ya watu waliosoma pamoja, waliokula pamoja na kusalimiana kortini. Simaanishi kuwa walipendeleana. Kumbukumbu za kamati zina mawakili wengi walioonywa, waliosimamishwa na waliofutwa kwenye Orodha ya Mawakili. Ila mteja aliyeshinda pale alirudi nyumbani akiwa ameshuhudia adhabu, na mkononi hana kitu.

Kanuni za miaka ya 1960 zilitengeneza jambo moja kubwa, nalo ni akaunti ya mteja. Fedha zinazoingia kwa ajili ya mteja lazima zikae katika akaunti iliyotengwa, zisichanganywe na za ofisi. Kwa mtu wa Silanga kanuni hii ni ya maana kuliko zote, kwa sababu ya njia ambayo fidia ya ajali imekuwa ikipita. Kwa kawaida kampuni ya bima hailipi majeruhi. Hundi huandikwa kwa jina la ofisi ya wakili. Wakili anakata ada yake na gharama, kisha anatakiwa kutoa hesabu. Kati ya hundi kuingia na hesabu kutolewa pana siku ambazo majeruhi hajui kama amelipwa. Humo ndimo ulimozaliwa wizi ambao Wakenya wengi wameusikia ukisimuliwa kwenye ukoo wao: kesi ilishinda, bima ikalipa, na aliyevunjika mguu akaambiwa kesi bado. Baadaye sheria ikatamka kuwa kuzuia fedha alizokabidhiwa wakili kwa kazi maalumu ni kosa la jinai.

Wizi una sura, na unaweza kuthibitishwa kwa taarifa ya benki. Uzembe ni mgumu zaidi, kwa sababu unafanyika kwa kutofanya. Dai la mwili ulioumizwa lina miaka 3 tangu siku ya ajali. Likivuka hapo bila kufunguliwa, limekufa, isipokuwa kwa sababu chache mno. Dai la madhara dhidi ya serikali lina miezi 12 tu. Notisi ya kukata rufaa ina siku 14. Kesi iliyokaa mwaka mzima bila hatua yoyote inaweza kutupiliwa mbali na mahakama yenyewe. Wakili asipofika siku ya kusikizwa, upande wa pili huendelea, na hukumu hutoka dhidi ya mtu ambaye asubuhi hiyo alikuwa akichanganya saruji South C, akidhani kesi yake ina mtu wa kuisimamia. Hakuna kelele wala damu, na mteja hagundui hadi dalali wa mahakama abishe hodi au faili ifungwe moja kwa moja.

Majaji walikabiliwa na maombi ya watu wa namna hii: nifungulieni tena, kosa ni la wakili wangu. Mwaka 1978, katika kesi ya Murai dhidi ya Wainaina, Jaji Chunilal Madan wa Mahakama ya Rufani, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliandika kwamba kosa ni kosa hata likifanywa na wakili mwenye tajriba, na kwamba mlango wa haki haufungwi kwa sababu hiyo. Mwaka 1986 Jaji Fred Apaloo, aliyekuwa amewahi kuwa Jaji Mkuu wa Ghana kabla ya kuja Kenya, alisisitiza kwamba makosa yataendelea kufanyika, na mtu asinyimwe kusikizwa kwa ajili hiyo kama upande wa pili unaweza kufidiwa kwa gharama. Maamuzi haya mawili yamenukuliwa mara zisizohesabika, na naamini yamewaokoa maelfu.

Lakini mlango huohuo ulianza kufungwa. Mawakili walizoea kujitwika lawama ili wateja wao wapate nafasi nyingine, na majaji wakachoka. Katika kesi iliyofunguliwa mahakamani Milimani, Nairobi, mwaka 2002, Jaji Luka Kimaru alieleza kuwa kesi ni ya mwenye kesi, si ya wakili wake, na mwenyewe ana wajibu wa kuifuatilia. Mahakama ya Rufani ikarudia wazo hilo mwaka 2015: haitoshi kumlaumu wakili, mhusika aonyeshe alivyoifuatilia kesi yake. Hoja ni ya haki kwa benki yenye idara ya sheria na tarishi wa kwenda masjala kila wiki. Kwa kibarua anayelipwa kwa siku, kufuatilia faili ni kupoteza mshahara wa siku nzima, na mara nyingi ni kuambiwa na karani kwamba mwenye wakili hazungumzi na masjala. Sheria inampima kwa kipimo kimoja na benki, nami sioni jinsi ya kukitetea kipimo hicho bila kwanza kumuuliza jaji ni njia gani hasa mtu huyu alipewa ya kuifuatilia.

Kuna kanuni nyingine ya zamani inayomzidishia uzito. Mwaka 1952, katika kesi ya Hirani dhidi ya Kassam, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishikilia kwamba maafikiano yanayotolewa mbele ya jaji na mawakili wa pande mbili huwafunga wateja wao, na hayavunjwi ila kwa ulaghai, njama au sababu nyingine nzito. Tanzania na Kenya zimeendelea kuifuata. Mahakama haiwezi kufanya kazi ikiwa kila neno la wakili linahitaji kuthibitishwa na mteja, hilo naliona. Ila maana yake ni kwamba wakili anayesema uongo kortini, kwamba mteja wangu amekubali, kwamba nimempa taarifa, kwamba hati hii ya kiapo ameiapa mbele ya kamishna, anamdanganya jaji na kumfunga mteja kwa pumzi ileile. Ndiyo sababu makosa haya mawili, kumtelekeza mteja na kuipotosha mahakama, hukutana mara nyingi katika faili moja. Aliyesahau kufika huongopa ili asionekane alisahau.

Mwaka 1989 bunge liliingiza chombo kipya ndani ya Sheria ya Mawakili, nacho ni Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Makamishna wake walikuwa wa kuteuliwa na Rais, na wakati wenyewe haukuwa wa kuaminiana. Miaka miwili kabla, wakili Gibson Kamau Kuria alikuwa amewekwa kizuizini baada ya kutoa notisi ya kuishtaki serikali kwa niaba ya wateja waliosema waliteswa. Mwaka 1991, Paul Muite alipochaguliwa kuongoza LSK, mvutano kati ya chama na utawala wa Daniel arap Moi uliingia hadi mahakamani. Mawakili waliohofu kwamba nidhamu ingegeuzwa fimbo ya kisiasa walikuwa na sababu zao.

Hata hivyo, wazo lililokuwa ndani ya Tume lilikuwa jipya na zuri. Kwa mara ya kwanza mteja asiye na uwezo alipata ofisi ya umma ya kumsikiliza bure, kumwandikia wakili barua na kudai majibu. Tume inaweza kuwapatanisha wakaelewana, na jambo likiwa zito inalipeleka mbele ya kamati ya nidhamu na kusimama yenyewe kama mwendesha mashtaka. Ofisi zake zimekuwa Co-operative House, Haile Selassie Avenue. Malalamiko mengi humalizika hapo kwa barua tu. Wakili aliyenyamaza kwa miaka mingi hupata sauti anapoona nembo ya serikali juu ya karatasi, na kwangu hilo linaonyesha kwamba mara nyingi alikuwa na uwezo wa kujibu tangu mwanzo.

Kamati yenyewe sasa inaitwa Jopo la Nidhamu la Mawakili. Mtu yeyote anaweza kuliendea moja kwa moja, bila kupitia Tume, kwa hati ya kiapo inayoeleza kosa na kuambatisha ushahidi. Jopo hutazama kwanza kama kuna jambo la kujibiwa; likiwapo, wakili huitwa, hujibu, na pande zote husikizwa. Linaweza kumwonya, kumsimamisha kwa muda usiozidi miaka 5, au kumfuta kwenye Orodha. Linaweza kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1, na, jambo ambalo waliotunga sheria ya 1949 hawakulipa uzito, kumwamuru amlipe mlalamishi fidia isiyozidi shilingi milioni 5. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Tangu 2004 kanuni zinamtaka wakili anayetoa huduma kwa umma awe na bima ya kazi isiyopungua shilingi milioni 1. Bima hiyo inahusu uzembe, na aliyeiba fedha kwa makusudi hawezi kutarajia bima imlipie wizi wake. Uingereza ililiona pengo hilo mapema. Mfuko wa kuwafidia wateja walioibiwa na mawakili wao ulianza kazi huko mwaka 1942, katikati ya vita, ukichangiwa na mawakili wenyewe, waaminifu wakilipia makosa ya wasio waaminifu.

Uaminifu wa mawakili mbele ya mahakama umejaribiwa kwa njia mpya pia. Mwaka 2023 jaji wa New York, Kevin Castel, aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha maamuzi ya kesi yaliyobuniwa na programu ya ChatGPT, ambayo hayakuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Oktoba mwaka huohuo, tawi la Nairobi la LSK lilitangaza kwamba kijana mmoja aliyejulikana kama wakili hakuwa wakili, na kwamba alikuwa ametumia utambulisho wa wakili halisi mwenye jina linalokaribiana na lake. Kilichonishtua ni jinsi watu wengi walivyomshangilia. Habari zilienea kwamba ameshinda kesi nyingi, na bila kungoja uthibitisho watu wakaanza kumwita wakili wa wananchi. Nadhani walikuwa wakisema jambo la kweli kuhusu mawakili waliowajua: kwamba wengi wao hawakufika.

Kutoka Silanga, sekretarieti ya LSK iliyoko Gitanga Road haiko mbali kwa ramani. Barabara hiyo inapita Lavington na kukaribia Kawangware, ambako pia kuna vibarua na wapangaji wenye kesi kama hizohizo. Mtu anaweza kutembea. Kinachomzuia ni yale anayotakiwa kuwa nayo afikapo: mkataba wa ada, risiti, nakala ya ripoti ya polisi, tarehe alizopiga simu, namba ya kesi. Jopo haliwezi kuhukumu kwa manung'uniko, na wakili anayeshtakiwa ana haki ya kuona ushahidi. Wale waliomkabidhi broka kila karatasi hufika mikono mitupu. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973 ili kuwasaidia maskini wa Nairobi, kimewafundisha watu wa mitaa kwa miongo kadhaa mambo ambayo ofisi nyingi za mawakili hazimwambii mteja: dai risiti, andika namba ya kesi, hakikisha kupitia LSK kwamba jina la wakili limo kwenye orodha na ana leseni ya mwaka huu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliweka jukumu kama hilo mikononi mwa serikali, ingawa mahitaji ni makubwa kuliko mfuko.

Mwaka huohuo wa 2016 ilipitishwa Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na fidia ya mwili ulioumizwa imo. Sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu dai lifunguliwe, na inamruhusu mdai asimame mwenyewe, aeleze kwa maneno yake, bila kushikwa na kanuni kali za ushahidi. Mawakili wanaruhusiwa, na wamefika kwa wingi, hasa kwa kesi za ajali. Lakini aliyegongwa na matatu kwenye Barabara ya Mbagathi, akiwa na ripoti ya polisi mkononi na karatasi za daktari, anaweza kufungua dai kwa jina lake, akapewa tarehe yeye mwenyewe, na malipo yakiamriwa, akajua siku hiyohiyo.